Wiki ya Furu: Kumbukumbu za Safari Kutoka Tukuyu Hadi Mwanza

Jumamosi, Mbeya hadi Tabora

Basi liliondoka Mbeya kabla ya jua kuchomoza, likapanda milima ya kwenda Chunya katikati ya ukungu. Ninakwenda Mwanza kwenye mkutano wa wanasayansi wanaochunguza jinsi spishi mpya za viumbe zinavyotokea. Walimu wachache wa baiolojia wa sekondari tumealikwa tukae nao wiki nzima, na nadhani mimi nimeitwa kwa sababu ya ziwa la nyumbani. Kisiba, lile ziwa dogo la volkano pale Masoko, wilayani Rungwe, limo kwenye ratiba ya Alhamisi.

Ukishaipita Makongolosi ni pori tu: miombo, mizinga ya nyuki juu ya miti, mbung'o wakiingia madirishani. Niliyekaa naye kiti kimoja ni mama anayepeleka mchele wa Kyela Mwanza na kurudi na dagaa. Aliponiuliza naendea nini, nikamwambia tunakwenda kuzungumzia furu, samaki wadogo wa ziwani.

"Furu? Wale wadogo wenye miiba mitupu?" akashangaa. "Mwalimu, si mngezungumzia sangara tu? Huyo ndiye mwenye pesa."

Nilimweleza kidogo, akasikiliza kwa adabu, kisha akasinzia. Sikonge abiria walishuka kununua asali. Tabora tumeingia usiku.

Jumapili, Tabora hadi Mwanza

Nzega, Shinyanga, kisha yale mawe makubwa ya Usukumani yanaanza kujitokeza barabarani. Mwanza tumefika alasiri. Jioni nimetembea hadi ufukweni nikayatazama maji. Mimi nimelelewa kando ya ziwa ambalo mtu akisimama ng'ambo hii akapaza sauti, wa ng'ambo ya pili anamsikia. Hili la Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na bado wanasema ni ziwa la kina kifupi, mita 80 hivi palipo na kina kirefu kabisa. Kina hicho kifupi ndicho chanzo cha hadithi yote ya kesho.

Jumatatu, siku ya kwanza ya mkutano

Asubuhi ilianza na swali ambalo wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka: spishi ni nini hasa? Maelezo tunayofundisha shuleni yanatokana na mwanabaiolojia Ernst Mayr, aliyeyaandika mwaka 1942: ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, na ambalo halichanganyiki kwa uzazi na makundi mengine. Nilitegemea ukumbini wayaunge mkono na kuendelea. Badala yake saa nzima ilipita wakiyavuta huku na kule, kwa sababu viumbe wengi wanaotuzunguka wanachanganyika kiasi na bado wanabaki makundi tofauti. Mtafiti mmoja mzee alisema afadhali tuache kuuliza kama ukuta upo au haupo, tuulize una urefu gani na nani anaujenga. Nimeliandika hilo kwa wino mwekundu.

Kisha likaja Ziwa Victoria lenyewe. Miaka kama 15,000 hivi iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka. Waliochimba matope ya sakafu yake, hata pale penye kina kirefu zaidi, wamekuta chini yake udongo wa nchi kavu. Mvua ziliporudi, maji yakajaa upya, na samaki wakaingia kutoka mito na maziwa ya jirani. Leo, au niseme kabla ya sangara, furu pekee walikuwa wamefikia spishi zipatazo 500. Kwa ulimwengu wa wanyama wenye uti wa mgongo, hiyo ni kasi isiyo na mfano. Twiga na okapi wana mababu wa pamoja walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Furu wa Mwanza wamegawanyika mara mamia katika muda ambao binadamu tayari alikuwa anapika na kuimba.

Nao si samaki wa aina moja waliopakwa rangi mbalimbali. Wapo wanaoponda konokono kwa taya za pili zilizo kooni, wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaochuja vijidudu vya majini, wapo wanaokula samaki wenzao. Wapo hata wanaonyang'anya mayai na watoto kutoka mdomoni mwa jike mwingine, maana jike wa furu huatamia mayai yake mdomoni. Dume ana madoa ya njano kwenye pezi la nyuma ya tumbo, yanafanana na mayai. Jike akijaribu kuyaokota, anapokea mbegu, na mayai yaliyomo mdomoni yanarutubishwa hapo hapo. Nimefundisha uzazi wa samaki miaka yote kwa mchoro wa perege kutoka kitabuni, na leo nimetamani kuufuta ubao wote nianze upya.

Walipata wapi uwezo huo? Jibu lilichapishwa mwaka 2017, na kwangu ndilo lililonishika kuliko yote ya leo. Vinasaba vyao vinaonyesha kwamba mababu wa furu wa maziwa ya ukanda huu walikuwa machotara. Miaka ipatayo 150,000 iliyopita, samaki wa ukoo wa upande wa Kongo walikutana na wa ukoo wa Nile ya juu, wakazaana. Kila upande ulileta akiba yake. Jeni moja ya jicho, ile inayohusika na kuona mwanga mwekundu, ilikuja katika namna mbili, moja kutoka kila ukoo. Ziwa lilipojaa upya na kufungua mahali pengi pa kuishi, akiba hiyo ilikuwa tayari ndani ya damu, ikapangwa na kupangwa upya. Mabadiliko mengi hayakuhitaji kungoja jeni mpya zizuke.

Na akiba hiyo inaonekana ndiyo iliyowatofautisha na wenzao. Kazi nyingine, ya mwaka 2023, imesoma meno ya samaki yaliyobaki kwenye matope ya sakafu ya ziwa, tabaka kwa tabaka. Meno yanaonyesha kwamba samaki wa koo nyingine waliingia wakati uleule na furu, hawakuchelewa. Walikuta maji yaleyale na nafasi zilezile. Furu wakatawanyika hadi maji ya katikati ya ziwa na kugawanyika. Wengine walibaki karibu kama walivyokuja.

Mezani wakati wa chakula nilikaa na dada wa Kampala na kaka wa Kisumu. Kwa dada, furu ni nkejje, huwakausha na kuwapa watoto wadogo; kwa kaka ni fulu.

Jumanne

Siku ya mbu. Nilidhani nitaipita haraka katika daftari hili, lakini haikupitika.

Mbu tuliyezoea kumwita Anopheles gambiae si mmoja. Ni jamii ya spishi kadhaa ambazo hata kwa hadubini mtaalamu hazitofautishi kwa sura. Zilianza kutambuliwa katikati ya karne ya 20, watafiti walipowazalisha mbu wa sehemu mbalimbali na kuona watoto wa kiume wanazaliwa tasa huku wa kike wakizaa vizuri. Hiyo ni kanuni aliyoieleza mwanabaiolojia Haldane tangu mwaka 1922: koo mbili zikianza kuachana, chotara anayeumia kwanza ni yule mwenye kromosomu za jinsia zisizofanana, na kwa mbu huyo ni dume.

Tofauti hizo ni uhai na kifo kwetu. Yupo gambiae mwenyewe, anayependa damu ya mtu na kuuma ndani ya nyumba. Yupo arabiensis, ambaye ng'ombe akiwepo humuuma ng'ombe, na huuma nje pia. Yupo merus wa pwani, anayezaliana kwenye maji ya chumvi. Vyandarua vyenye dawa vilipoenea, gambiae alipungua sana sehemu nyingi za Tanzania, na arabiensis akabaki akitusumbua barazani, mahali ambapo chandarua hakifiki. Mtu asiyejua kwamba hawa ni spishi mbili angedhani ni mbu yuleyule amebadili tabia.

Mwaka 2013 kundi jingine lililokuwa likihesabiwa ndani ya gambiae lilipewa jina lake, coluzzii. Na mara, huko Afrika Magharibi, ikaonekana kwamba jeni ya kuhimili dawa ya vyandarua imevuka kutoka gambiae kwenda coluzzii kwa njia ya machotara wachache. Kwa hiyo ukuta alioutaja yule mzee jana unapitisha vitu. Jeni zinazomsaidia mbu kuishi zinapenya, nyingine zinazuiwa, na spishi mbili zinabaki mbili. Dada mmoja anayefanya kazi ya malaria aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kama dawa mpya zinapimwa kwa spishi zote au kwa moja tu. Ukumbi ulinyamaza kidogo kabla ya majibu kuanza. Majibu yalikuwa marefu, na sikuona kama yalimridhisha.

Jumatano, kwenye maji

Leo hakuna ukumbi. Tuligawanywa kwenye maboti mapema sana. Nahodha wetu ni mzee aliyewahi kuvua, kisha akawapeleka watafiti miaka mingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kaa katikati, vaa boya. Leo tunakwenda Makobe kwanza, maana upepo ukiamka huko hakukaliki."

Makobe ni kisiwa cha mawe kuelekea ziwa la wazi. Tulipofika, mtafiti kijana akashusha majini sahani nyeupe na nyeusi iliyofungwa kwenye kamba yenye alama. Unaishusha hadi isionekane tena, unasoma kamba: huo ndio uwazi wa maji. Pale Makobe kipimo cha kawaida ni zaidi ya mita mbili.

Samaki wa kwenye mawe wavuvi wa Mwanza huwaita mbipi, na wanasayansi wamelichukua jina hilo wakaita jenasi moja Mbipia. Tulioletewa kwenye ndoo leo walikuwa wa jenasi nyingine, Pundamilia, kwa ajili ya mistari yao. Mmoja dume wake ni wa buluu na kijivu, Pundamilia pundamilia. Wa pili dume wake ni mwekundu mgongoni na njano ubavuni, na anaitwa Pundamilia nyererei. Amepewa jina la Mwalimu tangu mwaka 1985. Nilimshika ndani ya mfuko wa maji, nikamwinua juani, na sikutaka kumrudisha upesi.

Wa buluu hukaa juu, karibu na uso wa maji. Mwekundu hukaa chini zaidi. Ziwani humu, kadiri unavyoshuka mwanga wa buluu unapotea na unaobaki unaelekea rangi ya chungwa na nyekundu. Macho ya samaki wa chini yana jeni inayoona vizuri zaidi mwanga huo, na ya wa juu yana namna nyingine. Basi jike wa chini anamwona dume mwekundu aking'aa, jike wa juu anamwona wa buluu. Kila mmoja anachagua anayemwona vizuri. Hakuna mlima kati yao, wala mto, wala nchi kavu. Wanatenganishwa na mita chache za maji na macho ya jike. Kazi ya mtafiti Ole Seehausen na wenzake kuhusu jambo hili ilichapishwa mwaka 2008, na visiwa vilivyomo ndani yake ni hivi hivi tulivyovipita leo.

Kutoka Makobe tuligeuka kusini, tukaingia Ghuba ya Mwanza. Tulipita visiwa vya Python. Huko nako kuna wa buluu na mwekundu, na kila mtu angeapa ni walewale. Vinasaba vinasema sivyo. Inaonekana wekundu wa Makobe walifika, wakazaana na wa buluu wenyeji, na kutoka kwenye uchotara huo wekundu na wa buluu wakatengana upya. Jozi ileile imezaliwa mara mbili katika ghuba moja. Nilimwomba mtafiti arudie maelezo hayo, akarudia bila haraka, huku akichora kwenye kifuniko cha ndoo.

Halafu Luanso. Maji hapa ni ya kijani yenye tope, na Daraja la Kigongo–Busisi liko upande huo wa kusini. Sahani ilishuka kidogo tu ikapotea. Kipimo cha hapa ni nusu mita hivi. Samaki waliotoka walikuwa wa rangi isiyo ya upande wowote: buluu iliyofifia, wekundu uliochuja, wengine katikati. Luanso hakuna spishi mbili. Mwanga wa rangi nyingi haufiki chini, jike hawezi kutofautisha, anapandana na yeyote, na watoto ni mchanganyiko. Jambo hili limejaribiwa hata maabara: majike wanaochagua vizuri chini ya mwanga wa kawaida, ukiwawekea mwanga wa rangi moja tu ya chungwa, uchaguzi unakwisha.

Niliganda pale kwenye boti. Tangu mwaka 1997 watafiti wamekuwa wakituandikia kwamba ziwa likichafuka, spishi zinaweza kutoweka bila samaki hata mmoja kufa. Hakuna mizoga ufukweni, hakuna harufu, mvuvi anavuta wavu na samaki wamo. Ila walikuwa wa aina mbili, sasa ni wa aina moja. Udongo unaosombwa kutoka mashamba, mbolea, maji machafu ya miji, mwani unaostawi kwa lishe hiyo: vyote vinazima taa ambayo samaki hawa wanachumbiana kwayo.

"Zamani hapa tulikuwa tunaona mawe ya chini," nahodha alisema alipokuwa akiwasha injini. "Watoto wangu hawaniamini."

Alhamisi, siku ya Kisiba

Nilivaa koti. Mtoa mada alionyesha picha ya ziwa letu kutoka angani, duara karibu kamili, upana wake mita 700 hivi, halina mto unaoliunganisha na ziwa jingine. Ukumbini nilikuwa mtu pekee aliyewahi kuoga humo, na walipogundua wakaniita mbele nieleze. Nikawaeleza jengo la Wajerumani lililo ukingoni, na simulizi ya wazee kwamba Wajerumani walipokimbia vita vya kwanza walitupa hela na silaha majini.

Hazina iliyopatikana humo ni ya aina nyingine. Samaki wa jamii ya Astatotilapia wamo ziwani kwa miaka kama 10,000 hivi. Kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita walianza kugawanyika: wa pembeni, kwenye maji ya kina kifupi, madume yao ni ya njano, wa chini gizani ni ya buluu. Taya zao zimeachana, chakula chao kimeachana. Utafiti wa jenomu zao, yaani vinasaba vyao vyote, ulichapishwa mwaka 2015, na mtafiti wa taasisi yetu ya uvuvi, TAFIRI, alikuwa miongoni mwa waandishi. Sehemu kubwa ya jenomu za makundi hayo mawili bado inafanana. Tofauti zimejikusanya kwenye maeneo machache, na humo kuna jeni za kuona na za homoni.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali kuliko wote wa wiki. Je, ni spishi mbili tayari? Wengine walisema ndiyo, wengine wakasema ni makundi yaliyo njiani na yanaweza kurudi kuwa moja. Mimi naona hao wa pili wana haki zaidi, na ndiyo maana Kisiba ina thamani. Maeneo mengi duniani yanatuonyesha mwisho wa safari. Hapa safari inaendelea, katika ziwa ambalo akina mama wanachotea maji, na kutengana kwenyewe kulianza wakati ambapo mababu wa baadhi yetu huenda walikuwa tayari wanalima Rungwe.

Niliuliza swali moja: ukichafua maji ya Kisiba, itakuwaje? Mtoa mada akajibu kwamba hakuna sababu ya kudhani yatatokea tofauti na ya Luanso.

Ijumaa

Asubuhi tulipelekwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Dagaa waliokaushwa hadi upeo wa macho, na wachuuzi kutoka nchi jirani wakipima magunia. Sangara aliletwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 akalipuka kwa wingi. Spishi za furu zipatazo 200 zinakadiriwa kupotea. Lakini furu hawakuwa wakithaminiwa hata kabla ya hapo: katika miaka ya 1970 hapa Mwanza palijengwa kiwanda cha kuwasaga kuwa chakula cha mifugo. Nilimkumbuka mama wa mchele. Sangara amesomesha watoto wengi wa kanda hii, na sitamlaumu mtu anayemvua. Ninachokidai ni kwamba hesabu ya faida iandikwe pamoja na ya hasara.

Kikao cha mwisho kiliwaleta wavuvi kutoka mialo ya karibu. Mmoja wao, mzee wa makamo, aliuliza moja kwa moja: waliopotea watarudi? Alijibiwa kwa uwazi nilioupenda. Baadhi walirudi katika miaka ya 1990, sangara alipopungua kwa kuvuliwa sana, ila hawakurudi kama walivyokuwa. Spishi moja iliyorudi ilikuwa na matamvua, viungo vya kupumulia, yaliyokua kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa hewa majini imepungua, na inakula mawindo makubwa kuliko zamani. Yote hayo ndani ya miongo miwili. Wengine wamekwenda moja kwa moja. Mahali pao panaweza kuzaa aina nyingine, maji yakiwa safi, baada ya vizazi ambavyo hakuna wa kuvihesabu. Yule mvuvi akasema, "Basi tuanze na maji," akakaa.

Mchana nimezungumza na mtafiti wa sahani. Amenipa moja ya akiba, na kamba yenye alama kila sentimita kumi. Tumekubaliana kidato cha tano wapime uwazi wa Kisiba mara mbili kwa mwezi, saa sita mchana, sehemu zilezile tatu, na kumtumia takwimu kila mwisho wa muhula. Tunahitaji mtumbwi, maboya ya kuvaa, na idhini ya kijiji. Barua kwa mwenyekiti nimeiandika jioni hii. Nimeomba vitu hivyo vitatu, na nimeomba pia nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji kuhusu mashamba yanayoteremka hadi ukingoni mwa maji. Basi la kurudi linaondoka saa kumi na moja alfajiri.